Kaunta ya Mkutubi: Nani kasema?

Shule zimefunguliwa na sanduku la ukurasa huu limejaa. Mwezi huu karibu barua zote zinazunguka jambo moja: mtoto kapewa kazi ya kutafuta mwenyewe, simu nyumbani ni moja, bando ni la kuungaunga, na huko mtandaoni kila mtu anasema lake. Nimechagua barua ambazo majibu yake yatawafaa na wengine. Mnaouliza bei za vitabu mnisamehe, mimi nakaa kaunta ya maktaba ya shule, sina duka.

Shikamoo Bibi Mkutubi. Kijana wangu yuko kidato cha pili. Mwalimu wa Historia ya Tanzania na Maadili kawaambia waandike kurasa mbili kuhusu Vita vya Maji Maji, na waonyeshe habari wamezitoa wapi. Akaniomba simu kidogo tu, akarudi na kurasa mbili zimenyooka kama za wakili. Kumbe kaiuliza akili mnemba. Mwishoni imeorodhesha vitabu vitatu. Nikasema angalau nimnunulie kimoja, nimezunguka Kariakoo duka kwa duka, hakuna anayekijua. Hivi vitabu vipo kweli? Na mtoto aanzie wapi?
*Mama wa Mbagala*

Marahaba, mama. Nianze na vitabu, maana umeshapoteza nauli. Majina yote matatu uliyonitumia nimeyatafuta kwenye WorldCat, katalogi inayounganisha maktaba za nchi nyingi duniani na ambayo mtu yeyote anaifungua bure. Mwandishi wa kitabu cha kwanza yupo, na ni mwanahistoria kweli, ila kitabu chenye jina hilo hakimo. Viwili vilivyobaki sikuona kitabu wala mwandishi. Ukiiomba akili mnemba orodha ya vitabu, inakutolea majina yanayofanana na ya vitabu. Mengine ni ya kweli, mengine yametungwa hapohapo, na yote yameandikwa kwa uhakika uleule. Kijana aitumie imfafanulie neno gumu, imtungie maswali ya kujipima kabla ya mtihani. Chanzo asiiombe.

Aanzie kwenye kitabu cha kiada. Taasisi ya Elimu Tanzania, haohao wanaoandaa mitaala, wana Maktaba Mtandao yao: ol.tie.go.tz. Humo mna vitabu vya kiada vya msingi na sekondari, vikiwemo vya mtaala huu ulioanza kutumika 2024. Unajisajili, unaingia, unasoma bure palepale kwenye skrini. Wazazi wengi wanaofika kaunta kwangu hawajawahi kuisikia, na watoto wao darasani wanagombania nakala moja. Basi nachukua simu ya mzazi, namfungulia, namwonyesha jalada lilelile ambalo mtoto anasema shuleni halipo.

Akishasoma sura inayohusika, mzuie asirudi Google na maneno mawili, "Maji Maji". Atazama. Aandike kwanza swali dogo kwenye daftari, swali ambalo linaweza kujibiwa kwa kurasa mbili. Mimi ningempa hili: watu wangapi walikufa katika vita hivyo, na kwa nini hesabu hazilingani?

Sasa aingie Wikipedia ya Kiswahili, ambayo ipo tangu 2003. Najua walimu wengi wanaikataza. Mimi siikatazi, ila wanafunzi wangu nawafundisha kuisoma kuanzia chini, kule kwenye marejeo na viungo vya nje, kabla ya kusoma yaliyoandikwa juu. Chini ndiko unakoona makala imesimama juu ya nini. Makala isiyo na kitu chini, tunaiaga kwa heshima.

Akifuatilia vizuri atakutana na hesabu zinazogongana. Upande wa Wajerumani wanatajwa Wazungu 15 na askari Waafrika 389 waliokufa. Namba imekamilika mpaka mtu wa mwisho. Wananchi waliokufa, serikali ya Kijerumani ilitaja 75,000. Halafu akija kwa Gilbert Gwassa, mwanahistoria Mtanzania aliyeifanyia kazi vita hii miaka ya sitini, atakuta makadirio ya watu 250,000 hadi 300,000. Vita ni ileile, ya 1905 hadi 1907, na tofauti ni ya watu zaidi ya laki moja na nusu.

Hapa ndipo kazi ya nyumbani inapoanza. Kijana ajiulize: nani kasema? Alijuaje? Alikuwa na sababu gani ya kusema hivyo? Askari 389 walikuwa kwenye hesabu za jeshi. Watu wa Umatumbi, Ungoni na kwingineko hawakuwa kwenye orodha ya mtu. Tena wengi wao hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa, baada ya mashamba na maghala yao kuchomwa kwa makusudi. Njaa inaua hata baada ya bunduki kunyamaza, kwa hiyo hesabu inategemea unaacha kuhesabu lini. Akiandika hayo kwa maneno yake, hata kwa sentensi zinazoyumba, mwalimu yeyote mwenye macho atajua mtoto amefikiri.

Kuna chanzo kingine ambacho wanafunzi hawakitarajii: utenzi. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, na ulichapwa 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Ni sauti ya mtu wa pwani iliyokuwa karibu na vita vyenyewe, ingawa naye alikuwa na upande wake, kwa hiyo aulizwe maswali yaleyale. Ajaribu kuutafuta jina kwa jina kwenye archive.org, ghala la Internet Archive lililoanzishwa 1996 kule San Francisco, na asipoupata huko aulizie maktaba ya mkoa.

Na kama ukoo wenu una asili ya Kilwa, Rufiji, Liwale au Songea, mpigieni simu mzee mmoja. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, walitumwa vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee kuhusu vita hivi, na karatasi zao wanahistoria wanazitumia hadi leo. Kama wao waliruhusiwa kuandika "nimesimuliwa na babu", mwanao naye anaruhusiwa, mradi ataje ni babu yupi, wa wapi, na lini wamezungumza. Akitaka jambo la karibuni la kufungia, tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea kwenye Makumbusho ya Maji Maji akaomba msamaha. Magazeti ya siku hizo yanapatikana mtandaoni bila tabu.

Shikamoo Bibi. Mimi nipo kidato cha tatu Njombe. Shule yetu maabara ipo ila vifaa vya umeme ni vichache, mwalimu anafanya sisi tunaangalia kwa mbali. Fizikia naipenda lakini nikisoma kitabu cha Kiingereza naelewa nusu. Baba ananipa simu Jumamosi na Jumapili jioni. Nifanyeje na muda huo mdogo?
*Mpenda Fizikia*

Marahaba mjukuu wangu. Jioni mbili kwa wiki zinatosha kama ukishika simu ukiwa tayari unajua unatafuta nini. Andika orodha kwenye karatasi Ijumaa. Mwenye kuingia mtandaoni bila orodha huishia kwenye video za mpira, na bando la baba linaisha kabla ya kipindi cha kwanza.

Kwa maabara, fungua phet.colorado.edu. Ni mazoezi ya sayansi ya Chuo Kikuu cha Colorado, Boulder, yaliyoanzishwa 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya kupata Nobel ya fizikia. Ni bure, hufunguka kwenye kivinjari cha simu, na baadhi yake yametafsiriwa kwa Kiswahili. Tafuta la kuunganisha saketi. Utapewa meza tupu, pembeni kuna betri, waya, balbu, rezista, swichi, ammita na voltimita, unavuta kwa kidole. Weka betri ya volti 9, rezista ya omu 10, ammita katikati. Itasoma 0.90. Sasa ongeza rezista nyingine ya omu 10 mfululizo, uone inashuka hadi 0.45. Kisha zitoe uzipange sambamba. Kabla hujagusa ammita, andika kwenye daftari unadhani itasoma ngapi. Halafu tazama. Ukikosea ndiyo vizuri, maana sasa una swali la kumpelekea mwalimu Jumatatu, na mwalimu hufurahi akiulizwa swali lenye namba. Ukitaka kuona moto bila kuunguza kitu, unganisha betri kwa waya mtupu. Yenye faida zaidi kwako ni hii: zoezi likishapakuliwa kama faili, hufunguka tena bila bando.

Kuhusu Kiingereza, nina ushauri ambao wanafunzi wa sekondari huuonea aibu. Kwenye ileile Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu, fungua vitabu vya sayansi vya shule ya msingi vya Kiswahili, tafuta mada ya umeme, usome kwanza hapo. Ni kurasa chache. Ukitoka hapo unajua mkondo, volti na ukinzani ni nini, na kitabu cha Kiingereza kinabaki na kazi moja tu, kukufundisha majina mapya ya vitu unavyovijua. Wenzako watakucheka wakikuona na kitabu cha darasa la sita. Wacha wacheke.

Tatu, na hii mwambie hata anayekucheka. Baraza la Mitihani huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, somo kwa somo, na zipo kwenye tovuti yao, necta.go.tz. Wanafunzi wengi huenda pale kutazama matokeo tu, wakiyaona wanaondoka. Ndani ya taarifa hizo kila swali la mtihani linachambuliwa: lilitaka nini, watahiniwa wangapi walifanya vizuri, wangapi walianguka na kwa sababu gani. Na kuna picha za majibu yenyewe, mwandiko wa mtahiniwa aliyepata na wa aliyekosa, na maelezo ya mtahini kuhusu kilichoharibika. Unaona mtu ameandika kanuni sahihi, akasahau kubadilisha sentimita kuwa mita, alama zikaondoka. Hakuna kitabu cha maswali na majibu kinachouzwa barabarani chenye kitu hicho. Pakua ya fizikia ya kidato cha nne ya mwaka mmoja tu, soma swali moja kila Jumapili.

Ndugu Mkutubi, ninafundisha shule ya sekondari ya kata, mtandao tunaupata tukipanda mlimani. Tuna sola, kompyuta mpakato moja ya shule, na vishikwambi tulivyogawiwa walimu baada ya sensa ya 2022. Wanafunzi simu hawaruhusiwi. Nikisoma kuhusu maktaba za mtandaoni naona zinawahusu watu wa mjini. Au kuna namna?
*Mwalimu, Kigoma*

Namna ipo, mwalimu, na wewe una vifaa kuliko unavyodhani. Kuna programu iitwayo Kiwix, ya bure, iliyoanzishwa 2007 kwa kazi hiyohiyo: kuibeba Wikipedia nzima mahali pasipo na mtandao. Unapakua programu, kisha unapakua faili la maktaba unayotaka, ambalo jina lake huishia na .zim. Wikipedia yote ya Kiswahili haijazi hata flashi ya GB 8. Ya Kiingereza yenye picha zake ni zaidi ya GB 100, hiyo achana nayo kwa sasa. Ila kwenye orodha yao kuna mafaili madogo ya Kiingereza yaliyochaguliwa kwa mada, na hata mazoezi ya PhET niliyomweleza mjukuu wa Njombe yamo.

Kazi ya kupakua ifanyike mjini, siku ya kufuata mshahara au kikao cha wilayani, kwa mtu mwenye waifai isiyohesabu MB. Beba kompyuta au diski ya nje. Ukirudi, mafaili unayasambaza kwa waya kwenye vishikwambi vya wenzako, na kila mwalimu anakuwa na kamusi elezo mkononi akiandaa somo.

Hatua ya pili ndiyo ninayoipenda. Kiwix ya kwenye kompyuta ina sehemu ya kuwasha seva ya ndani. Tafuta ruta kuukuu, hata isiyo na laini ya mtandao, ichomeke kwenye umeme wa sola, iunganishe na kompyuta. Sasa kishikwambi chochote kilichoshika waifai ya ruta hiyo kinafungua maktaba iliyo ndani ya kompyuta, bila bando, bila mlima. Vishikwambi viwili mezani, wanafunzi kwa zamu, mwalimu wa zamu anasimamia: sheria ya simu haijavunjwa na mtoto wa kijijini amejisomea.

Ukitaka mpangilio wa kimasomo zaidi kuliko kamusi elezo, jaribu Kolibri, ya shirika la Learning Equality. Nayo hufanya kazi bila mtandao, ina menyu za Kiswahili, na ndani yake unaweza kuweka masomo ya Khan Academy pamoja na mazoezi, halafu ukaona nani amefanya nini. Ni nzito kidogo kuisimika. Anza na Kiwix.

Jambo moja la kibinadamu. Mweke mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili awe msimamizi wa meza hiyo, na daftari la zamu alishike yeye. Nimeona kompyuta za msaada shule kadhaa zikifungiwa stoo kwa sababu mwenye ufunguo ni mkuu wa shule, na mkuu yuko semina.

Hujambo Mkutubi? Mimi ni mzazi Kilifi. Binti yangu yuko Gredi ya Tano. Kila wiki kuna mradi: leo picha za wanyama, kesho ramani, keshokutwa video. Kila mradi ni safari ya saiba, jamaa wa pale anasachi, anaprinti, mimi nalipa, mtoto anabandika. Sidhani kama anajifunza kitu. Nisaidie kabla sijafilisika.
*Baba Gredi ya Tano*

Sijambo, baba. Anayejifunza hapo ni jamaa wa saiba, na analipwa kwa masomo yake.

Taasisi ya mitaala ya Kenya, KICD, imeweka miundo ya mtaala kwenye tovuti yake, kila gredi na kila somo, unapakua bure. Fungua ya Gredi ya Tano, tafuta mada ndogo ambayo mwalimu ameitaja. Imeandikwa mtoto anatakiwa aweze kufanya nini mwisho wa somo, na vifaa vinavyopendekezwa. Soma kwa makini hiyo orodha ya vifaa. Mara nyingi inataja vitu halisi vya mazingira yenu, majani, udongo, mtu wa kuhojiwa, na picha ni kimojawapo tu kati ya vingi. Sasa unaweza kumwendea mwalimu kwa adabu ukamwambia, badala ya picha tano za kuchapa, binti amechora samaki watano aliowaona sokoni na kuandika majina yao kama wavuvi wanavyowaita. Mwalimu mwenye darasa la watoto sitini na picha sitini za simba yuleyule atakushukuru.

KICD pia wana Kenya Education Cloud, ghala lao la masomo ya mtandaoni. Mweke binti hapo kwanza kabla ya Google, maana yaliyomo yamepangwa kwa gredi na hayamrushi kwenye matangazo. Saiba iende kwa kitu kimoja: kuchapa kile ambacho mtoto ameandika mwenyewe.

Jambo mama. Sisi ni Wakongomani, tunaishi Columbus, Ohio. Watoto wako shule ya msingi na ya kati. Mwalimu anatuma ujumbe, "use the library", na mimi nafikiri tutalipishwa. Kiingereza changu ni kidogo, siwezi kuwasaidia kazi za nyumbani. Na kitu kingine, wanaanza kusahau Kiswahili.
*Mama wa watoto wanne*

Jambo mama, karibu. Hulipi. Kadi ya maktaba ya umma hapo mjini ni bure, na tangu 2017 Columbus Metropolitan Library haitozi hata faini ya kuchelewesha kitabu. Nenda na watoto kwenye tawi la karibu, ubebe kitambulisho na barua yoyote yenye anwani yenu. Uliza School Help Center: ni meza ya msaada wa masomo baada ya saa za shule, kuna watu wa kukaa na mtoto na kazi yake. Wewe huhitaji kujua jibu. Kazi yako ni kumfikisha na kumuuliza akirudi, "leo amekusaidia nani, na amekuonyesha nini?" Akujibu kwa Kiswahili. Mtoto anayeweza kueleza sehemu za desimali kwa lugha ya mama yake amezielewa.

Kadi hiyohiyo inafungua maktaba ya nyumbani: kwa programu ya Libby wataazima vitabu vya kusoma na vya kusikiliza kwenye simu. Kwa Kiswahili, nenda African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini. Hadithi fupi zenye picha, kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, bure, na hupangwa kwa ngazi za usomaji. Mkubwa amsomee mdogo. Kiswahili kilichomo kitakuwa tofauti kidogo na chenu cha Kongo, watakuuliza maneno, na hapo ndipo utawasimulia ya kwenu.

Bibi, kwenye grupu letu la WhatsApp la kidato cha sita kuna mtu anatuma PDF za vitabu, vya ziada na vya fasihi. Mwalimu mmoja anasema ni wizi, mwingine anatuomba tumtumie. Tushike lipi?
*Wa Dodoma*

Mshike la kwanza, na yule wa pili mumwambie kwa upole. Vitabu vya fasihi mnavyosoma vina waandishi walio hai wanaolipa ada za watoto wao, na sheria ya hakimiliki inayotumika Tanzania ni ya 1999. Nakala iliyopigwa picha ukurasa kwa ukurasa kisha ikatumwa kwa mamia ni mali ya mtu. Tena mara nyingi imekatika: nimewahi kuletewa tamthiliya isiyo na onyesho la mwisho, na mwanafunzi alikuwa ameshaandika insha kuhusu hatima ya mhusika mkuu.

Vya halali visivyo na malipo ni vingi kuliko muda wenu. Vya kiada mnavyo Maktaba Mtandao. Hisabati, fizikia na uchumi vya ngazi ya juu viko OpenStax, ya Chuo Kikuu cha Rice, Texas: vimeandikwa na wahadhiri na vimeruhusiwa wazi kupakuliwa na kugawiwa, hata kwenye hilo grupu lenu. Makala za kitaaluma za Afrika zimo AJOL, African Journals Online, iliyoanzishwa 1998 na sasa ipo Afrika Kusini, na nyingi hupakuliwa bure. Kwa fasihi, changeni. Nakala moja halisi kwa watu watano, na ratiba ya zamu.

Samahani Mkutubi, swali fupi. Kwenye kazi ya Jiografia niliandika "Chanzo: Google", mwalimu akanikata alama mbili. Ameniambia Google siyo chanzo. Sasa nilitakiwa niandike nini?
*Kidato cha kwanza, Tanga*

Mwalimu yuko sawa. Google imekuonyesha njia, haijasema kitu. Rudi kwenye ukurasa uliousoma, tazama juu kabisa na chini kabisa, utaona ni wa nani na wa lini. Wewe uliandika idadi ya watu Tanzania, kwa hiyo mwenye namba hiyo ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu, kutokana na sensa ya Agosti 2022, matokeo yakatangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba mwaka huohuo. Andika hivi, uombe alama zako mbili zirudi: Ofisi ya Taifa ya Takwimu, Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, tovuti nbs.go.tz, na tarehe uliyoisoma. Na namba iandike nzima, watu 61,741,120. "Milioni 60 na kitu" itakukatisha nyingine.